Moteri ya Boti, Bwate ya Kamioneti

Ndugu yangu, kaa karibu. Nakuandikia kama vile ningekuambia ku nyumba yangu, wewe ukiwa pa kile kiti kifupi cha pembeni ya jiko, kikombe cha chai mukononi. Mambo ya kazi sipendi kuyaambia muntu nisiyemuamini, juu anaweza kuchukua nusu yake, akaenda kuumiza muntu na hiyo nusu. Wewe nakuamini.

Mimi njo Mama Sifa. Ukiuliza hapa Kalemie kama kuko mekanisie wa kike, fundi wa magari, watu wa zamani kidogo watakuonyesha mulango wangu, juu hatukukuwa wengi. Masomo yangu nilisoma ya mangaribi, mutoto mugongoni, vidole bado vinanuka mazuti, dizeli ya gari. Sasa bega ya kuume imekataa kuinuka, nimeacha funguo, spana zangu. Bado sijawa koko, bibi wa kuzeeka, lakini kulala chini ya gari hakuulize miaka yako, kunauliza mwili wako. Namushukuru Mungu kwa miaka yenye alinipa.

Vijana wanakuja. Mumoja anasema, Mama, niko na moteri ya gari hii, niko na bwate vitesi, lile sanduku la gia, ya gari ile, vitakubali kuishi pamoja? Namujibu ndiyo, vitakubali, lakini aketi kwanza. Huku kwetu hatuchague. Gari inakufwa moteri, ingine inakufwa bwate, tunachukua zenye kupona tunaziunganisha. Ile sio aibu. Aibu ni kuunganisha bila kuangalia. Njo maana nawaambiaga habari ya gari ya Mama Veronika.

Mama Veronika ni ndugu yangu wa kanisa, tuko naye mu kikundi kimoja cha wamama cha kusali. Bwana yake, Papa Ilunga, alikuwa na boti ya mbao, kubwa, ya kupeleka unga na kurudisha samaki, mpaka Kabimba na kupita. Aliugua, akakufwa hapa ku hopitali. Kwao ni kule juu, njia ya Bendera, na muntu anazikwa kwao. Gari haikupatikana. Madereva wanaogopa maiti, wanasema wenye kuuza vyakula hawatapakia tena mizigo yao mule. Basi wakafanya kama vile familia mingi zinafanyaga: pikipiki. Walimukalisha Papa Ilunga katikati, dereva mbele, ndugu yake mudogo nyuma amemushikilia, wamemufunga na kamba asianguke, kofia ku kichwa, kama muntu anaenda soko. Mama Veronika alifuata ku pikipiki ya pili.

Alituelezea siku moja nyuma ya sala. Hakulia, machozi yalikuwa yamekwisha. Alisema:

"Kila shimo ya njia, kichwa yake inaenda chini, inarudi juu. Inasema ndiyo. Ndiyo, ndiyo, ndiyo, mpaka kwao. Na bwana yangu alikuwa muntu wa kukataa."

Kisha akasema boti inaoza, lakini moteri yake iko ndani ya nyumba yake, imefunikwa na kitenge, tuichukue tutengeneze gari ya wamama wa kanisa. Haikukuwa na lazima ya kuwa nzuri. "Muntu alale," alisema. "Aende kwao amelala. Sitaki kingine."

Wote wakaangalia mimi.

Sikukuwa na nguvu ya kuifanya peke yangu. Nilienda kwa Papa Kisimba, mwenye alinifundisha. Huyu mzee alitengeneza moteri za boti na za kamio, malori, maisha yake yote, sikio moja likakufwa kwa makelele, akawa anasikiliza na mukono. Anaweka kiganja ku moteri, anafunga macho, kisha anakuambia bulo gani, bolti gani, imelegea. Maneno yake yalikuwa machache. Nilipomuelezea ya kichwa ya Papa Ilunga, aliuliza paka hii tu: "Bwate mutatoa wapi?"

Shasi, mifupa ya gari, ilitoka ku jeep yenye ilikuwa imelala nyuma ya parokia, kuku walikuwa wanatagia ndani. Bwate ilitoka ku kamioneti, lori ndogo yenye kuanguka. Moteri ni ya Papa Ilunga. Na hapa, ndugu yangu, fungua masikio, juu huu njo muzizi wa kazi.

Moteri na bwate hazijuane. Moja ilizaliwa kwa boti, ingine kwa kamioneti. Matundu ya bulo hayalingane. Ule muchuma wenye kutokea ku bwate, wenye meno, unaenda kuingia ndani ya disiki ya ambreyaje, ile klachi, na ncha yake inaenda kulala mu kitundu kidogo katikati ya moteri. Kwa hiyo disiki inafuata bwate kwa meno, lakini kwa upana inafuata gurudumu zito lenye kuzunguka nyuma ya moteri. Usichukue disiki juu tu ni mupya. Ingiza kwanza ku muchuma wa bwate, itelezeshe na kidole. Ikitembea bila kukwama na bila kucheza, njo yake.

Kile kitundu, moteri yetu ya boti haikukuwa nacho, juu ku boti hakuna bwate ya namna ile. Tulienda kwa muntu mwenye mashini ya kukereza chuma, akatukerezea pete ya shaba nyekundu kutoka ku kipande cha zamani cha boti, ikakaa mule kama jino.

Kisha sahani. Unakata chuma nene, unaiweka katikati ya moteri na bwate: matundu haya yanashika moteri, matundu yale yanashika bwate. Kukata sio kazi. Kazi ni katikati. Bwate ikikaa pembeni hata unene wa wembe, itatembea leo, kesho itakula pete, kesho kutwa itatapika meno. Wenye pesa wana kipimo chenye mushale kama saa cha kupima hiyo. Sisi Papa Kisimba alichukua waya ngumu, akaifunga ku gurudumu zito, akaikunja ncha yake iguse karibu na ukingo wa tundu kubwa la sahani. Akazungusha moteri na mukono, polepole. Mimi nilikuwa na wembe, naupitisha kati ya ncha ya waya na ukingo. Fasi wembe unapita kwa shida na fasi wembe unapita bure, hapo sahani iko inadanganya. Tunaigonga kidogo na nyundo ya mbao, tunazungusha tena. Mpaka wembe unapita sawasawa kuzunguka kote. Njo tukatoboa na kupiga pini mbili za chuma ili isisogee tena maisha.

Siku ya kuingiza bwate, nilikuwa nimelala chini, naisukuma na magoti, imebakia nafasi ya kidole. Niliomba ufunguo niivute na bulo. Papa Kisimba aliweka muguu yake juu ya ufunguo.

"Mikono tu, Mama Sifa."

Alinielezea vile akiwa kijana alivuta bwate ya kamio na bulo vilevile, akasikia paa, sikio la chuma la bwate, fasi ya bulo, likavunjika, na bosi yake akamufanya atembee na kile kipande mu shingo ku kazi mpaka jioni. Bwate isiyoingia kwa mikono inakuambia kitu. Tulitoa, tukaangalia, disiki ilikuwa imeshuka kidogo. Tulipoirudisha katikati, bwate iliingia yenyewe, kama mutoto anarudia mugongo ya mama yake.

Tukaweka radiateri ya kupoza maji na vantilateri, feni ya gari, juu ku boti moteri ilikuwa inakunywa maji ya ziwa. Tukawasha. Ee, ile sauti. Mama Veronika alikuwa pa mulango wa garaje, akageuka, akaenda kusimama inje kidogo. Mimi nilikuwa nimeanika kitambaa cha kupangusia mikono mbele ya radiateri. Kikaruka, kikanipiga ku uso. Papa Kisimba alisimama mbele, upepo unapeperusha shati yake, akasema inapumua vizuri. Tukacheka. Kumbuka hapo tulicheka.

Ile chuma ndefu ya kupeleka nguvu nyuma, kardani, ilichelewa kukatwa. Ilikuja asubuhi ya siku yenyewe, wamama wamekwisha kufika na vitenge vya kikundi, mukatekista, mwalimu wa dini, amekuja kubariki. Kawaida unanyanyua magurudumu ya nyuma, unaingiza vitesi, unaangalia. Siku ile watu walikuwa wamesimama mu jua, wanaimba. Tulifunga kardani, tukashusha gari.

Papa Kisimba alikaa pa usukani. Aliingiza vitesi ya kwanza, akaachilia ambreyaje taratibu, kama vile anajuaga.

Gari ikarudi nyuma.

Alisimamisha, akatoa, akaingiza tena. Ikarudi nyuma. Ya pili, nyuma, mbio zaidi, ikapindua benchi ya wamama wa kwaya, wakaruka na vitenge mukononi. Akaingiza ariere, vitesi ya kurudi nyuma. Gari ikaenda mbele, polepole kabisa, kama inaogopa.

Unajua watu wetu. Kijana mumoja wa pikipiki, mwenye alikuwa anaangalia toka njiani, akasema: "Hii haipeleke wafu. Hii inawarudisha." Wakacheka mpaka kushika mbavu. Mwingine akasema wamama watangulie kutandika vitanda, wageni wanakuja. Hata mukatekista alifunika mudomo.

Mama Veronika hakucheka. Alikuja, akaweka mukono juu ya moteri, akautoa haraka kama imemuchoma.

"Anakataa," alisema. "Niliwaambia bwana yangu ni muntu wa kukataa. Musitengeneze tena. Jumapili nitatafuta watu wa kuirudisha mu ziwa, ikae kwenye ilikuwa inakaa naye."

Mama mumoja wa kikundi akasema ni kweli, kitu ya marehemu isipoombewa vizuri inafanya hivyo, kwao walishaona. Wakaanza kuongea juu ya siku ya kufunga na kusali. Papa Kisimba alishuka, akakusanya funguo zake mu gunia, moja moja, akaenda. Hakuniaga. Tangu nimujue, sikuwahi kumuona anaacha gari katikati.

Mimi nasali, ndugu yangu. Nasali asubuhi na mangaribi na chini ya gari. Lakini nilimuambia Mama Veronika pale pale, mbele ya wote:

"Mama Vero, kama Papa Ilunga alikuwa na neno kwako, hangelipitisha ku meno ya bwate. Hapa kuko kitu sisi hatukuangalia. Unipe mpaka Jumapili."

Hakusema ndiyo. Alisema Jumapili iko karibu.

Nilibaki peke yangu na ile gari. Nilifungua bwate, nikaona vitesi viko vizuri, kila kimoja fasi yake. Nikaifunga. Nilinyanyua magurudumu, vilevile kama tungefanya asubuhi, nikawasha, nikaingiza ya kwanza, nikaona yanazunguka kinyume. Sasa ni nani mwenye kugeuza? Niliketi mbele ya gari, nikaomba Mungu anipe macho, si muujiza. Upepo wa vantilateri ulikuwa unanipiga ku uso.

Ndugu yangu, vantilateri ya gari haipige muntu wa mbele upepo. Inavuta. Inavuta hewa kutoka inje, inaipitisha mu radiateri, inaipeleka ku moteri. Kitambaa chetu kilipaswa kunata pale kama karatasi yenye kulowa maji. Kiliruka. Niliweka alama ya chaki ku puli, gurudumu dogo la mbele ya moteri, nikaizungusha na demareri, ile stata ya kuwashia, kidogo tu. Ukisimama mbele ya moteri ya gari, inazunguka kama mishale ya saa. Hii ilikuwa inaenda kinyume ya saa.

Nilienda kwa Mama Veronika, nikauliza paka neno moja: boti ya bwana yako ilikuwa na moteri ngapi? Akasema mbili, ingine waliiuza akiwa angali muzima. Hapo nikaelewa. Kuko boti za moteri mbili zenye moja inazunguka huku, ingine kule, ili boti isivutwe upande mumoja. Ile yenye kuuzwa ilikuwa ya kawaida. Yenye kubakia ni dada yake, ya kuzunguka kinyume. Sisi watu wa ziwa tunajua kusikiliza moteri, tunajua kuionja mafuta na ulimi, lakini ku boti nani anaangalia inazunguka wapi? Unaangalia kama boti inaenda.

Nikaenda mpaka kwa Papa Kisimba. Alikuwa amekaa inje, mikono safi. Sikuwahi kumuona na mikono safi siku ya kazi. Nilimuelezea ya upepo, ya chaki, ya dada. Alisikiliza na sikio lake moja, ameliinamisha.

"Nilisimama mu ule upepo," akasema. "Shati yangu ilijua, mimi sikujua."

"Tulisimama wote, Papa. Sasa moteri hatuwezi kuifundisha kuzunguka upande mwingine."

"Hapana. Ile njo maumbile yake." Kisha akatafuta viatu vyake na muguu. "Lakini ponti ya nyuma haijue juu wala chini. Tunaigeuza tumbo juu."

Nilikuwa mekanisie mwenye watoto wakubwa, na sikupata kuwaza hiyo. Ponti ni ile chuma nene yenye kubeba magurudumu ya nyuma, na tumbo la duara katikati fasi nguvu inaingia. Ukiipindua kichwa chini, kile chenye kurudisha nyuma kinapeleka mbele. Si kazi ndogo. Unakata vikalio vya resori, zile springi, unavichoma upya upande mwingine. Mipira ya freni, ya breki, unaipitisha njia ingine. Tundu la kuingizia mafuta linakuwa fasi mbaya, unatoboa lingine pa kimo chake, na kitundu cha kupumua unakileta juu, bila hivyo mafuta yatatoka yote njiani. Tulifanya ile kazi yote tukiongea kidogo. Aliniambia nisijidanganye: meno ya ponti na ya bwate yatakuwa yanasukumana ku mugongo wao, si ku kifua. Gari italia, haitapenda mbio, na haitaishi sana kama zingine. Nilimujibu, ile gari hakuna fasi inaenda haraka.

Jumamosi tulinyanyua magurudumu, tukaangalia. Tulishusha. Aliingiza ya kwanza. Gari ikaenda mbele mpaka ku njia, inalia kama nyuki mu chupa, ikazunguka, ikarudi. Paka kile kipimo cha kilometa kilibaki kinahesabu kinyume, hatukukigusa. Papa Kisimba alisema kila safari itazidi kuwa mupya. Njo mara ya kwanza alifanya mzaha tangu siku ile.

Mama Veronika alikuja, tulimuita. Nilimuonyesha chaki ku puli, nikamuambia ni vile ilizaliwa, hata akiwa muzima bwana yake ilikuwa inazunguka hivi. Aliangalia muda murefu. Hakusema kama anakubali. Alisema ataona siku ya kazi.

Ile siku haikuchelewa. Mwanamuke mumoja wa njia ileile ya Bendera, bado kijana, alikufwa ku hopitali. Familia yake walikuwa wamekwisha kuongea na watu wa pikipiki. Tuliwafikia kwenye mulango wa hopitali. Mama yake marehemu aliuliza mara mbili kama ni kweli atalala.

Papa Kisimba aliendesha. Mimi nilikaa mbele naye, mukono yangu pa kile kifuniko cha bwate, nasikia meno. Nyuma, sanduku la marehemu lilikuwa sakafuni juu ya majani na blanketi, mama yake upande mumoja, na upande mwingine Mama Veronika. Hatukumuomba kuja. Alipanda. Milima ile tulipanda na vitesi ya kwanza, gari inalia, watu wanasimama ku mashamba, wanavua kofia bila kujua ni nani. Kila shimo niligeuka kuangalia nyuma. Sanduku lilitikisika kidogo, likatulia. Mama Veronika alikuwa ameweka kiganja juu yake, fasi ya kichwa. Haikusema ndiyo. Haikusema hapana. Ililala.

Familia walitungojea fasi njia inaachana na kijia cha kijiji. Walisikia ile sauti toka mbali, hawakuijua. Wanaume walikuja mbele, watano ao sita, na kila mumoja alikuwa na kisu mukononi. Mimi niliogopa, sikuelewa. Papa Kisimba alizima moteri. Ni Mama Veronika mwenye alielewa, juu yeye alishakuwa pa fasi kama ile. Walikuja kumukata dada yao kamba, kumutoa ku pikipiki, kama vile wanafanyaga kwa kila mufu wao.

Alifungua nyuma ya gari. Waliona sanduku, limenyooka, kitenge hakijasogea. Walisimama na visu mukononi. Mama Veronika aliwaambia, polepole, na sauti ya muntu anaongea ndani ya kanisa:

"Wekeni visu, wanangu. Hakufungwa."

Yule mukubwa wao aliweka kisu chake chini, juu ya majani, akaketi pembeni yake, akalia.

Ndugu yangu, ukikutana na mwenye anataka kuunganisha moteri na bwate zisizojuana, umuambie haya yote, usiache ya wembe wala ya chaki. Umuambie anyanyue magurudumu aangalie, hata kama kwaya inamungojea mu jua. Na ukikutana na mwenye gari, mwenye anakataa kubeba maiti, umuambie habari ya vile visu. Usiongeze neno. Umuambie tu, umuache nayo.